Mnapotaka Kuanzisha Gazeti la Chama Chenu

Vyama vingi vya ushirika na vikundi vya wakulima vimewahi kujaribu kuwa na gazeti lao wenyewe. Mara nyingi mambo huenda hivi: toleo la kwanza hutoka kwa shangwe, la pili huchelewa, na la tatu haliji kabisa. Baada ya mwaka mmoja ukiingia katika ofisi ya chama utaona rundo la karatasi chini ya meza, na panya wamekwisha anza kuzila. Hasara yake si karatasi tu. Wanachama walikatwa fedha kwa ajili ya kazi hiyo, na wakiona zimepotea bure hawatakubali tena kukatwa kwa jambo jingine, hata likiwa la lazima kama kununua tangi la kupozea maziwa.

Kwa hiyo mwezi huu twataka kueleza jinsi kazi hii inavyoanzwa, na mahali ambapo watu hukosea. Hatusemi juu ya magazeti makubwa ya Nairobi. Twasema juu ya gazeti la chama cha maziwa au cha kahawa, au la kikundi cha akina mama wafugao kuku, lenye wasomaji 100 au 300, au labda 1,000.

NI LA NANI?

Ukiwauliza wanakamati gazeti lao litakuwa la nani, watajibu, “La watu wote.” Hapo ndipo kosa linapoanza. Gazeti la watu wote huwa na hotuba kidogo, mashairi kidogo, habari za mpira kidogo, na mtu akimaliza kulisoma haoni alichopata.

Tuchukue chama cha maziwa. Wanachama wake wana ng'ombe wawili au watatu kila mmoja. Anayekamua mara nyingi ni mama wa nyumba, na anayepeleka maziwa kituoni ni kijana wake. Watu hawa wataka kujua nini? Wataka kujua bei ya lita moja mwezi huu na siku ya malipo. Wataka kujua kwa nini maziwa ya jirani yalirudishwa Jumanne. Wataka kujua daktari wa mifugo atafika lini upande wao, na ni nani mwenye vipando vya majani ya tembo vya kuuza. Mambo haya hayamo katika gazeti lolote la mjini, na ndiyo sababu yafaa chama kiwe na lake.

Basi, kabla ya kuandika hata neno moja, nenda kituoni asubuhi wakati wa kupima maziwa. Simama katika mstari pamoja na watu. Uliza watu kumi swali moja tu: “Mwezi uliopita ulitaka kujua jambo gani ukakosa wa kukuambia?” Andika majibu yao katika daftari. Majibu hayo ni habari za matoleo yako matatu ya kwanza, wala huna haja ya kutafuta nyingine.

Hapo hapo sikiliza watu wanasema lugha gani wanapobishana juu ya mizani. Lugha hiyo ndiyo ya kuandikia. Muigwithania, lililoanza mwaka 1928 na Johnstone Kenyatta akiwa mhariri wake, liliandikwa kwa Kikuyu, na wasomaji walilielewa bila mkalimani. Penye watu wa makabila mengi Kiswahili kinafaa zaidi. Ila kumbuka kwamba wengi wa wasomaji wako si wasomaji hasa, ni wasikilizaji. Mtoto hurudi nyumbani akamsomea nyanya yake. Sentensi ikiwa ndefu mtoto atapotea katikati, na nyanya atamwambia aache akalete kuni.

MSIANZE KWA UKUBWA

Kamati ikipata hamu huagiza kurasa 24, picha za rangi, na nakala 1,000. Mwezi wa pili hakuna cha kujaza kurasa hizo, wala fedha za kuzilipia.

Henry Muoria alikuwa mfanyakazi wa reli kabla ya kuwa mwandishi. Mwaka 1945 alianzisha gazeti la Kikuyu liitwalo Mumenyereri. Hakuanza kwa kulitoa kila siku. Lilikuwa la mwezi kwanza, baadaye likawa la juma, kisha likatoka mara mbili kwa juma. Lilikua kwa sababu wasomaji walilitafuta, wala halikuzimwa na ukosefu wa wasomaji: lilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1952, wakati wa Hali ya Hatari, naye mwenyewe alikuwa Uingereza, akabaki huko. Utaratibu wake ndio wa kuiga, yaani kupanda ngazi moja na kukanyaga imara kabla ya kupanda nyingine.

Twashauri kurasa nane ndogo, au hata nne. Karatasi ya kawaida ya ofisi, ile ya A4, ukiikunja katikati hupata kurasa nne ndogo. Karatasi mbili ni kurasa nane. Ndiyo sababu hesabu ya kurasa huenda kwa nne nne. Mtu akileta habari za kurasa tisa, ama apunguze ukurasa mmoja ama atafute za kufikia kumi na mbili.

Sasa piga hesabu. Tuseme mnataka nakala 300 za kurasa nane. Kila nakala ina karatasi mbili, yaani pande nne za kupiga chapa. Jumla ni pande 1,200. Tuseme duka la fotokopi linatoza shilingi 3 kwa kila upande, karatasi ikiwa ndani ya bei hiyo. Gharama ni shilingi 3,600, yaani shilingi 12 kwa nakala moja. Mkiuza kila moja shilingi 20 na zote zikanunuliwa, mtapata shilingi 6,000. Lakini zikinunuliwa 150 tu mtapata shilingi 3,000, na chama kimepoteza 600. Mkirudia hivyo miezi kumi na miwili ni shilingi 7,200. Kwa hiyo toleo la kwanza pigeni nakala 150 tu. Zikiisha siku ya kwanza na watu wakalalamika, hilo si jambo baya hata kidogo. Badilisheni bei hizi kwa bei za mahali penu, lakini hesabu yenyewe msiiache.

Jambo jingine: kabla ya kutoa toleo la kwanza, andikeni matatu. Yawe tayari yote katika jalada. Toleo la kwanza kila mtu ana nguvu ya kuliandika. La tatu ndilo linaloangukia wakati wa kuvuna, mwandishi akiwa shambani tangu alfajiri, na mke wake akimwuliza gazeti litapalilia maharagwe lini.

HABARI NJEMA IKICHELEWA NI BURE

Kosa hili twalipa nafasi zaidi, maana laweza kuua watu.

Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu walikula mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini. Walioonekana kudhurika walikuwa 317, na 125 kati yao walikufa. Mahindi hayo yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hii haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Kuzuia ni kukausha: mahindi yafikie unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake kabla ya kutiwa ghalani, tena yasianikwe juu ya udongo mtupu.

Mkulima asiye na chombo cha kupimia aweza kutumia chumvi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia chumvi kavu kidogo, kisha tia punje za mahindi mpaka kama theluthi ya chupa. Funika, tikisa kwa dakika chache, uache itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi hayajakauka. Rudisha juani.

Habari kama hiyo ina maana kubwa ikitoka wiki mbili kabla ya kuvuna. Ikitoka baada ya mahindi kuingia ghalani ni kama kumwonyesha mtu mwavuli akiwa amekwisha lowa. Na magazeti mengi ya vyama hufanya hivyo hasa: habari za mbegu hutoka mvua imekwisha nyesha, na habari za kuvuna hutoka ghala imejaa. Sababu ni kwamba mwandishi huandika mambo anayoyaona siku ile, kisha kupiga chapa na kugawa huchukua majuma matatu.

Dawa yake ni kalenda ya shamba. Chora miezi kumi na miwili. Tia alama mvua ndefu, kuanzia Machi mpaka Mei, na mvua fupi, Oktoba mpaka Desemba, kama ndivyo kwenu. Kule Trans Nzoia na Uasin Gishu mahindi huwa na msimu mmoja mrefu, basi kalenda yao ni nyingine. Kisha rudi nyuma mwezi mmoja kutoka kila kazi. Kazi ya Machi iandikwe Januari na isomwe Februari. Viwavijeshi vamizi, waliofika nchini mwaka 2017, yafaa watajwe kabla mahindi hayajaota, ili mkulima ajue kukagua moyo wa mmea asubuhi na mapema kiwavi angali mdogo. Akiwa mkubwa na amejificha ndani ya mmea, dawa haimfikii vizuri.

Na tarehe ya kutoka isibadilike. Mkisema Jumamosi ya kwanza ya mwezi, iwe Jumamosi ya kwanza. Afadhali toleo la kurasa nne kwa siku yake kuliko la kurasa nane lililochelewa siku kumi. Mtu akija kituoni mara mbili akalikosa, mara ya tatu hataliulizia.

NAMBA NA VIPIMO

Mwandishi akikosea jina la mgeni wa heshima, mgeni atakasirika. Akikosea kipimo cha dawa, ng'ombe atakufa. Tuseme chupa ya dawa ya kupe inasema mililita 20 katika lita 20 za maji, na kidole kikaongeza sifuri moja, ikawa 200. Dawa kali mara kumi yaweza kumdhuru mnyama na mtu anayenyunyiza. Sifuri ikipungua, kupe hawafi, nao huzoea dawa, na hapo ndigana inabaki zizini.

Basi kila kipimo kiandikwe kutoka kwenye karatasi ya chupa yenyewe, si kutoka kichwani. Kabla ya kupiga chapa watu wawili wakae pamoja, mmoja asome chupa kwa sauti, mwingine afuate kwa kalamu. Kazi hii ni ya dakika tano. Kama dawa ni ya kumtibu ng'ombe, andikeni pia ni siku ngapi maziwa yake hayafai kupelekwa kituoni. Hilo nalo limeandikwa kwenye karatasi ya dawa, na ndilo watu husahau.

Makosa yakipita hata hivyo, msingoje mwezi ujao. Bandikeni tangazo kituoni siku ile ile, na katika toleo linalofuata andikeni sahihisho katika ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa. Wapo wanaoficha sahihisho chini ya ukurasa wa mwisho ili wasiaibike. Anayelipa aibu hiyo ni mkulima.

Angalieni pia mambo ya kunakili kutoka magazeti mengine. Kwanza kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Pili, shauri jema la mahali pengine laweza kuwa baya kwenu. Mahindi ya H614 ni mazuri sana nyanda za juu, lakini mtu wa mahali pakavu akiyapanda kwa kusoma sifa zake, mvua itakwisha mahindi hayajakomaa. Huko yafaa aina zinazokomaa upesi, kama zile za Katumani. Someni, mwulizeni Afisa wa Kilimo wa kwenu, kisha andikeni kwa maneno yenu, mkitaja mlipojifunza.

GAZETI LA MWENYEKITI

Twafika kwenye jambo ambalo watu hawapendi kulisema mbele ya kamati. Magazeti mengi ya vyama hufa kwa sababu ya sifa. Ukurasa wa kwanza una picha ya Bwana Mwenyekiti akifungua mlango. Wa pili una picha yake akipeana mkono. Wa tatu una hotuba yake. Mwanachama alifungua gazeti akitafuta kwa nini malipo yake yamechelewa miezi miwili, na jambo hilo halikutajwa popote. Hatalinunua tena. Na ubaya zaidi ni kwamba atasema, “Kama wanaficha hili, wanaficha na mengine.”

Hatusemi gazeti litukane kamati. Twasema lieleze. Kama malipo yamechelewa, andikeni yamechelewa, sababu ni nini, na kamati inatumaini kulipa lini. Chama cha kahawa kitoe hesabu ambayo mtu aweza kuifuata kwa kidole: kilo za kahawa mbichi zilizoletwa kiwandani, fedha zilizopatikana sokoni, gharama za kiwanda, makato ya mkopo, na kilichobaki kwa kilo moja. Mkulima akiona hesabu hiyo aweza kuhuzunika kwamba ni kidogo, lakini hataondoka akiamini uvumi wa mkahawani. Mwenyekiti mwenye busara atajua kwamba hesabu moja iliyo wazi inamsaidia kuliko picha kumi.

Ili mambo haya yasilete ugomvi kila mwezi, chama kiamue mapema na kuandika katika kumbukumbu za mkutano: ni nani mhariri, ni nani anayeweza kuzuia habari, na kwa sababu zipi. Yasipoandikwa, mhariri atakuwa mtumishi wa yeyote anayepiga meza kwa nguvu zaidi.

Kuna vyama vinavyotaka kutangaza majina ya wenye madeni. Jihadharini. Iko Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na iko sheria ya kumchafulia mtu jina. Jambo la deni lina mahali pake katika mkutano na katika kanuni za chama. Picha za watu nazo ombeni ruhusa, hasa za watoto. Pia kabla ya kutoa toleo la kwanza pelekeni barua mkaulize juu ya kuandikisha gazeti. Sheria ya Vitabu na Magazeti inahusu magazeti yanayopigwa chapa nchini, na dhamana yake ilipandishwa mwaka 2002 kutoka shilingi 10,000 mpaka 1,000,000. Msikisie wenyewe kama karatasi yenu inahesabiwa kuwa gazeti au la. Mwulizeni wakili au Afisa wa Ushirika, na mtunze jibu lake kwa maandishi.

BARUA ZA WASOMAJI

Mambo Leo, gazeti la mwezi la serikali ya Tanganyika lililoanza mwaka 1923, lilipendwa sana kwa sababu ya barua na mashairi ya wasomaji. Shaaban Robert naye alipeleka tungo zake huko. Watu walilinunua ili waone jina lao au la mtu wanayemjua, na wakiisha kulinunua walisoma na mengine.

Basi ukurasa mmoja kati ya nane uwe wa wasomaji tangu siku ya kwanza. Wekeni sanduku la mbao kituoni lenye tundu na kufuli, na andikeni namba ya simu ya kupelekea ujumbe. Mwezi wa kwanza hakuna atakayeandika. Msife moyo, wala msitunge barua za uongo mkaweka majina ya kubuni, maana kijijini kila mtu anamjua kila mtu. Chukueni yale maswali kumi mliyoyapata mstarini, mjibu matatu, na muulize nani ana jibu la la nne. Mama mmoja aliyefaulu kuzuia kideri kwa kuchanja kuku wake kwa wakati ana somo zuri kuliko makala ndefu. Kama hajui kuandika, aeleze, na kijana aandike, lakini jina litakalotiwa ni lake yeye, akikubali.

Barua ya kulalamika ichapwe pamoja na jibu katika toleo hilo hilo. Ikichapwa bila jibu itawasha moto. Ikitupwa, mwandishi wake ataisoma kwa sauti sokoni.

MATANGAZO NA KUKUA

Duka la pembejeo likitaka kutangaza biashara yake, vizuri, fedha hizo zitapunguza bei. Tangazo lizungushiwe mstari ili lijulikane ni tangazo. Mwenye duka asiandike somo la dawa anayoiuza yeye mwenyewe.

Baada ya miezi sita hesabuni. Msihesabu nakala mlizopiga, hesabuni zilizonunuliwa na barua zilizokuja. Kama nakala 150 huisha kila mwezi kabla ya siku tatu, pigeni 200. Kama 40 hubaki, msiongeze picha wala rangi. Rudini mstarini na yale maswali kumi. Na ukurasa unaoulizwa sana upewe nafasi zaidi, hata kama mhariri anaupenda mwingine.

Kazi isikae mkononi mwa mtu mmoja. Yule kijana hodari wa kompyuta ataoa, au atapata kazi Nakuru, naye ataondoka na maandishi yote ndani ya simu yake. Wawe watatu: mmoja wa kukusanya habari, mmoja wa kuandika na kusahihisha, mmoja wa kugawa na kutunza fedha, na huyu wa fedha asiwe yule wa kuandika. Kila toleo mkiisha kulipiga, wekeni nakala mbili katika jalada la ofisi, zitobolewe na kufungwa kwa uzi, juu ya rafu na si chini ya meza.